Sanduku moja, mitutu miwili: kesi ya dola 200 iliyouliza bunduki huundwa lini

Mwaka 1985 kampuni ya Thompson/Center Arms, ya mji wa Rochester katika jimbo la New Hampshire, ilitengeneza kwa muda mfupi kifurushi cha vitu vitatu vya ziada: mtutu wa inchi 21, kitako cha kuegemeza begani, na kipande cha mbao cha kushikia chini ya mtutu. Mteja aliyelengwa ni yule mwenye bastola ya kampuni hiyo, Contender, ambayo mtutu wake ulikuwa wa inchi 10. Akitaka kuwinda kwa bunduki ndefu, anafungua mtutu mfupi, anafunga mrefu, anapachika kitako, basi. Akichoka, anarudisha bastola yake ilivyokuwa.

Contender ni silaha ya mtu mpole. Inachukua risasi moja tu. Unaikunja katikati kama bunduki za wawinda ndege, unachomeka risasi, unafunga, unapiga, kisha unaanza upya. Kilichoipa jina ni kwamba mwenye nayo anaweza kubadilisha mitutu mwenyewe nyumbani: leo mtutu wa risasi ndogo ya .22 kwa kulenga shabaha, kesho mtutu wa risasi nene ya kuwindia. Si rahisi jambazi kuitamani silaha ya risasi moja. Lakini ndiyo iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu yake ya tarehe 8 Juni 1992 bado inaamua mambo kila siku kwenye makabati ya watu.

Hesabu iliyoleta ugomvi ni hii. Mwili wa bastola ukiwa na mtutu mfupi bila kitako ni bastola, na bastola haiguswi na sheria ya shirikisho iitwayo National Firearms Act. Mwili huohuo ukiwa na mtutu wa inchi 21 na kitako ni bunduki ndefu ya kawaida, nayo haiguswi. Lakini mwili huo ukifungwa mtutu wa inchi 10 pamoja na kitako, unakuwa bunduki yenye mtutu mfupi, yaani chini ya inchi 16, takriban sentimita 40. Hiyo inatakiwa iombewe kibali kabla haijaundwa na isajiliwe, na wakati huo ilitakiwa pia ilipiwe kodi ya dola 200. Asiyefanya hivyo anakabiliwa na kifungo kinachoweza kufika miaka 10.

Vipande vyote vikiwa katika sanduku moja, mtu ana uwezo wa kuunda vitu vitatu: viwili halali na kimoja chenye masharti. Kampuni ililijua hilo. Kwenye kitako chenyewe iliweka onyo kwamba sheria ya shirikisho inakataza kukitumia na mtutu ulio chini ya inchi 16. Idara ya shirikisho inayosimamia pombe, tumbaku na silaha, maarufu kama ATF, haikutosheka na onyo. Iliijulisha kampuni kwamba bastola ikiuzwa au ikimilikiwa pamoja na kile kifurushi, tayari hiyo ni bunduki fupi, hata kama hakuna aliyeshika bisibisi.

Hapa nisimame kidogo, maana swali hili mtu wa kwetu analielewa haraka kuliko anavyodhani. Fundi seremala akikuletea kitanda kwa mkokoteni, hakiji kimesimama. Kinakuja ubao wa kichwani, ubao wa miguuni, mbavu mbili, chaga zimefungwa kamba, na misumari au bolti kwenye mfuko wa nailoni. Jirani akiuliza umenunua nini, hujibu “mbao na bolti”. Unajibu “kitanda”. Hapo serikali ingekuwa na kodi ya vitanda, usingeikwepa kwa kusema bado hujakifunga. Lakini sasa tuseme kwenye mkokoteni uleule kuna mbao za ziada, na kwa vipande hivyohivyo unaweza kutoa kitanda, au benchi, au kitu cha tatu ambacho serikali inakitoza kodi na wewe hukukiagiza. Umenunua nini? Hapo jirani naye atakuna kichwa.

Majaji tisa walikuna kichwa, na walipomaliza walikuwa wamegawanyika watano kwa wanne, na hao watano wenyewe hawakukubaliana kwa nini wameshinda.

Njia iliyoifikisha kesi huko ni ya ujanja wa kisheria unaostahili kutazamwa. Kampuni haikutaka kusubiri mtu akamatwe. Kwanza iliomba iruhusiwe kuunda kifurushi hicho kana kwamba ni kwa mkataba wa serikali, maana kazi ya serikali haitozwi kodi, ikakataliwa. Ndipo ikapeleka dola 200 pamoja na maombi ya kuunda, kutumia na kutenga kama kitu kimoja bastola moja yenye namba, kitako kimoja na mtutu mmoja wa inchi 21. Kitu kimoja tu. Baada ya hapo ikaandika kudai irudishiwe pesa zake. Miezi sita ikapita bila jibu, na hapo sheria ikamruhusu mlipa kodi kwenda mahakamani. Kwa hiyo kesi nzima, mawakili na rufaa zake, kwenye karatasi ilikuwa ni dai la kurejeshewa dola 200. Mahakama ya madai dhidi ya serikali iliipa serikali ushindi. Mahakama ya rufaa ikapindua, ikasema bunduki fupi haijaundwa mpaka iunganishwe kweli. Serikali ikapanda juu.

Kabla ya kuingia chumbani kwa majaji, inafaa kujua kwa nini inchi zinahesabiwa kabisa. Msomaji makini lazima atauliza: kama bastola, ambayo ni fupi kuliko zote na inafichika kiunoni, haina masharti haya, kwa nini bunduki fupi, ambayo ni kubwa kuliko bastola, iwe nayo?

Jibu ni kwamba sheria hiyo ilikatwa kichwa ikiwa bado tumboni. Mwaka 1934, baada ya miaka ya magenge yaliyotajirika kwa pombe ya magendo, serikali ya Franklin Roosevelt kupitia Mwanasheria Mkuu wake Homer Cummings ilipeleka muswada uliokusudia kusajili na kutoza kodi bunduki za rashasha pamoja na bastola zote. Kama bastola zingesajiliwa, mjanja angekata bunduki yake ndefu apate kitu kama bastola. Kwa hiyo muswada ukaziba na mwanya huo: bunduki na shotgani (bunduki za marisau) zilizofupishwa nazo zimo. Upinzani ulipokuwa mkali, bastola zikaondolewa. Vile vilivyofupishwa vikabaki. Ni kama kuung'oa mlango wa mbele wa nyumba kisha ukaendelea kufunga kufuli mlango wa uani kila jioni.

Kodi ya dola 200 mwaka huo ilikuwa karibu sawa na bei ya bunduki ya rashasha ya Thompson, ile ya jenerali John T. Thompson, ambaye hana uhusiano na Thompson wa kampuni yetu. Ilikusudiwa iume. Wala inchi zenyewe hazikushuka kutoka mbinguni. Mwanzoni kipimo kilikuwa inchi 18 kwa shotgani na bunduki vilevile. Mwaka 1936 bunduki za risasi ya .22 zikashushwa hadi 16, na mwaka 1960 bunduki zote zikafuata. Yaani bunduki isiyosajiliwa, ya risasi kubwa kuliko .22 na yenye mtutu wa inchi 17, ilikuwa kosa zito kwa zaidi ya miaka 20, kisha asubuhi moja ikawa bunduki kama bunduki nyingine, bila chuma chake kubadilika hata unywele.

Na kipimo chenyewe hupimwaje? Mkaguzi anafunga silaha, anaingiza kijiti kirefu cha mbao mdomoni mwa mtutu mpaka kigonge mwisho, anakitia alama pale mdomoni, anakitoa, anakipima kwa rula. Kifaa chochote kilichopachikwa mdomoni hakihesabiwi isipokuwa kimeunganishwa moja kwa moja, kisichofunguka. Kijiti na rula: hivyo ndivyo vinavyotenganisha mwindaji na mfungwa.

Sheria hiyohiyo ya 1934 ilikibana pia kiwambo cha kuzuia sauti, na hapa kuna jambo ambalo watu wengi huliruka, nami naona ndilo lililoamua kesi kimyakimya. Kiwambo kilibuniwa na Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza yake mwaka 1909 na kukiuza kwa matangazo kama bidhaa ya waungwana wasiopenda kuwasumbua majirani. Baba yake ni Hiram Maxim, aliyebuni bunduki ya rashasha ya kwanza ya kweli, ile ambayo wazee wetu waliiita bombom. Silaha za aina hiyo ndizo Wajerumani walizozitumia kwenye boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipolivamia kwa maelfu. Baba alileta mlio, mtoto akaleta kizibo. Na mtoto huyo alifanya kazi pia ya kutuliza makelele ya injini za magari, maana kanuni ni ileile ya ekzosi: gesi inayotoka kwa kishindo inapewa vyumba vya kupanukia na kupoa kabla haijagusana na hewa ya nje. Haiifanyi bunduki iwe kimya kama kwenye filamu. Inapunguza mlio, lakini risasi inayokwenda kasi kuliko sauti inaendelea kupasua hewa kwa mchapo wake yenyewe, na hilo kiwambo hakiligusi.

Kwa nini nakileta kiwambo kwenye kesi ya mtutu? Kwanza kwa sababu leo vitu hivi viwili hutembea pamoja. Mmarekani anayejiundia bunduki ya kuwinda nguruwe pori au kulenga shabaha akifunga kiwambo mbele ya mtutu wa inchi 16, silaha inarefuka mpaka inagonga milango ya gari. Anafupisha mtutu ili kiwambo kirudishe urefu uleule. Matokeo yake anakuwa na vitu viwili vyenye masharti badala ya kimoja: mtutu wake unaombewa kibali, na kiwambo nacho kinaombewa kibali, kila kimoja na fomu yake, picha na alama za vidole.

Pili, na hili ndilo zito, sheria haivitazami vitu hivyo kwa jicho moja. Mwaka 1986 Kongresi iliandika upya maana ya kiwambo. Ikasema ni pamoja na mkusanyiko wowote wa vipande vilivyokusudiwa kuunda kiwambo, na hata kipande kimoja kama kimekusudiwa kwa kazi hiyo pekee. Bunduki ya rashasha nayo ilishafanyiwa hivyo mwaka 1968: mkusanyiko wa vipande unahesabiwa kuwa rashasha. Lakini ukija kwenye maana ya bunduki fupi, maneno hayo hayapo. Mtu mwenye kipande cha kiwambo ana kiwambo. Mtu mwenye kipande cha bunduki fupi ana nini? Kongresi ilikuwa na kalamu mkononi mara mbili na haikuandika.

Kilichobaki ni neno “kuunda”. Sheria inalifafanua kuwa ni kutengeneza, kuunganisha, kubadilisha, kufanya mchanganyiko wowote wa hayo, au kuzalisha kwa njia nyingine. Sisi tuna bahati ya lugha hapa. Mafundi wa majahazi pwani hutumia neno hilohilo, kuunda, na mtu akipita ufukweni akaona mkuku na mataruma yamesimama bila mbao za ubavuni, atasema wanaunda jahazi, hatasema lipo jahazi. Kiswahili kinaiona kazi kabla ya kuona kitu. Sheria ya Marekani ilitakiwa ieleze ni lini kazi imegeuka kitu, nayo ikajibu kwa orodha ya vitenzi.

Jaji David Souter, aliyeandika maoni yaliyoongoza akiungwa mkono na Jaji Mkuu William Rehnquist na Sandra Day O'Connor, hakukubaliana na mahakama ya rufaa kwamba lazima silaha iwe imeunganishwa. Kama kuunganisha ndiyo njia pekee, alisema kwa maana hiyo, yale maneno mengine ya orodha yanafanya nini? Vipande kamili vya bunduki fupi, visivyo na matumizi mengine, ni bunduki fupi hata vikiwa vimelala kwenye boksi. Kitanda kwenye mkokoteni. Hata mahakama za chini zilishawahi kumkuta mtu na bastola na kitako chake katika droo tofauti za kabati moja, na hazikupata shida kusema hiyo ni silaha moja.

Lakini kifurushi cha Contender, aliendelea, kina matumizi mengine yaliyo wazi: kinamfaa anayetaka bastola na bunduki ndefu halali. Je, ile nafasi tu ya kuvitumia vipande vibaya inatosha kusema bunduki fupi imeundwa? Souter alisoma maneno ya sheria, akasoma historia yake, akatazama madhumuni yake, na akakiri kwamba havitoi jibu. Sheria ina utata.

Hapo ndipo kesi ilipoamuliwa, na kanuni iliyoiamua inahitaji maelezo kidogo kwa msomaji wa huku. Waliowahi kukaa mahakamani kwetu wanaijua faida ya shaka: ushahidi ukiyumba, mshtakiwa anaachiwa. Hii ni ndugu yake, lakini si yeye. Katika kesi ya Contender ushahidi haukuyumba hata kidogo. Kila mtu alijua kilichomo sandukuni. Kilichoyumba ni sheria yenyewe. Na sheria inayoweza kumfunga mtu ikiwa na maana mbili zinazokaribiana kwa uzito, mahakama inachagua ile iliyo nyepesi kwa raia, kwa hoja kwamba asiadhibiwe kwa kukosea fumbo ambalo serikali ndiyo iliyolitega.

Ubishi ulikuwa kwamba hii haikuwa jinai. Ilikuwa ni dai la kodi. Souter alijibu kuwa sheria ni ileile moja: maneno yanayosema nani alipe dola 200 ndiyo yanayosema nani aende jela, na kumfunga hakuhitaji hata kuthibitisha kwamba aliikaidi sheria kwa makusudi. Huwezi kulisoma neno moja kwa maana pana asubuhi kwa mhasibu na maana nyembamba mchana kwa hakimu.

Jaji John Paul Stevens alilipinga hilo, na sidhani alikuwa anazungumza ovyo. Kampuni hii, kwa hoja yake, haikushtukizwa na kitu. Ilijua msimamo wa serikali, ikalipa, ikadai. Huruma ya sheria ni ya yule asiyejua amekosea nini. Naye Byron White, akiungwa mkono na Harry Blackmun, Anthony Kennedy na Stevens mwenyewe, aliuliza swali ambalo binafsi bado naliona gumu kulijibu: ikiwa vipande kamili vya bunduki fupi vilivyo sandukuni ni bunduki fupi, inakuwaje kuongeza kipande kimoja zaidi, mtutu mrefu, kuifanye isiwe? Umeongeza kitu, hujatoa kitu. Kwa mantiki ya maneno matupu, White ana haki.

Kilichomponza White ni kwamba alihesabu vyuma. Souter alihesabu kazi. Chuma cha ziada hakikuondoa kitu sandukuni, ila kilivipa vile vingine kazi halali ya kufanya, na kwa hiyo hatuwezi tena kujua kwa kuvitazama tu vimewekwa pale kwa ajili gani. Swali lilikuwa “je, imeundwa?” na bila kutangaza, likageuka kuwa “je, kipande hiki kina kazi gani nyingine?”

Wawili waliobaki upande wa ushindi, Antonin Scalia na Clarence Thomas, walikubali matokeo na kukataa njia. Scalia aliona utata haumo kwenye “kuunda” bali kwenye “bunduki”. Sheria inasema bunduki ni silaha iliyokusudiwa kufyatuliwa kutoka begani. Basi tazama kusudi: muuzaji amechapa onyo kwenye kitako kwamba usikitumie na mtutu mfupi. Kwake yeye, kifurushi kile hakikukusudiwa kufyatuliwa kutoka begani kikiwa na mtutu wa inchi 10. Ni hoja safi, ingawa ina kasoro moja inayonisumbua: inampa muuzaji uwezo wa kujisafisha kwa sentensi moja ya onyo, na sote tumeona maonyo kwenye pakiti za sigara yanavyosomwa.

Kwa kura tano, Thompson/Center ikashinda dola zake 200.

Ukitaka kujua kwa nini jambo la inchi halikuwa mchezo wa wanasheria, rudi kwenye kalenda. Miezi miwili na ushee baada ya hukumu hiyo, Agosti 1992, maofisa wa shirikisho walikuwa wamezingira kibanda cha Randy Weaver huko Ruby Ridge, Idaho. Mzizi wa shauri lake ulikuwa shotgani mbili zilizokatwa mitutu, alizodaiwa kumuuzia mtoa habari wa serikali mwaka 1989. Weaver hakufika mahakamani. Mzingiro ulipokwisha, walikuwa wamekufa ofisa William Degan, mtoto wa Weaver mwenye umri wa miaka 14, na mkewe. Mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru kwa shitaka la shotgani zile, likamtia hatiani kwa kutofika kortini. Shauri lake halikuhusu utata wa vipande, na sitaki kulichanganya na letu. Nalitaja kwa sababu anayesoma kesi ya Contender peke yake anaweza kudhani sheria hii ni ya makarani.

Urithi wa hukumu hiyo uko nyumbani kwa watu. Chukua mtu wa Texas mwenye bastola ya mtindo wa AR (familia ya bunduki ya AR-15, ambayo mwili wake huachana sehemu mbili, ya juu na ya chini), yenye mtutu mfupi, na pia bunduki ndefu ya mtindo huohuo. Sehemu zake zinaingiliana: juu ya hii inakaa kwenye chini ya ile. Kwa mikono mitupu na dakika mbili ana bunduki fupi. Lakini hajaiunda, kwa sababu kila kipande alichonacho kina mahali halali pa kukaa. Sasa ondoa ile bastola. Mwachie bunduki moja ndefu, na karibu yake mtutu mfupi ulioletwa na posta ambao hauna mwili mwingine wowote wa kukaa isipokuwa huo wenye kitako. Hajaunganisha chochote, bado mtutu mrefu umefungwa mahali pake. Ila amesogea upande ule mbaya wa maneno ya Souter, upande wa vipande visivyo na kazi nyingine. Ndiyo maana waundaji makini huko, wale wanaotaka bunduki fupi na kiwambo chake, husubiri kibali kwanza, wanachonga jina na mji wao kwenye mwili wa silaha kama sheria inavyotaka, ndipo sehemu fupi inapokutana na ndefu. Uhalali wa kilicho mkononi mwao unategemea kilicho kabatini.

ATF yenyewe ilichukua muda kuimeza hukumu. Baada ya 1992 palibaki mgogoro kuhusu yule aliyegeuza bastola kuwa bunduki ndefu kisha akairudisha kuwa bastola: je, hiyo ya mwisho ni silaha iliyotokana na bunduki? Mwaka 2011 idara ikatoa uamuzi namba 2011-4 kwamba hapana, kilichoanza kama bastola kinaweza kwenda na kurudi. Mteja wa Contender alisubiri miaka 19 kuambiwa kwa maandishi kwamba anaweza kufungua mtutu wake mrefu.

Swali la sanduku lilirudi Mahakama ya Juu mwaka 2025 katika sura nyingine, kesi ya Bondi dhidi ya VanDerStok, kuhusu masanduku ya vipande yanayouzwa ili mtu ajiundie bastola isiyo na namba. Safari hii serikali ilishinda, saba kwa wawili. Neil Gorsuch alitoa mfano wa meza inayouzwa ikiwa vipande, ambayo watu huiita meza, na akataja kwamba mtu asiyewahi kuona sanduku moja kati ya hayo alitoa bastola ndani ya dakika 21. Wengine wakasema mahakama imebadili msimamo. Mimi sioni hivyo. Sheria iliyosomwa ilikuwa nyingine, Gun Control Act ya 1968, ambayo maandishi yake yanataja silaha inayoweza kugeuzwa kwa urahisi ifyatue risasi. Huko Kongresi iliandika. Na sanduku lile halikuwa na kazi ya pili: ndani yake kulikuwa na bastola tu. Kwa kipimo cha Souter, lingeanguka vilevile. Mmoja wa wawili waliopinga ni Clarence Thomas, yuleyule aliyekuwa na Scalia mwaka 1992.

Na ile kodi? Tarehe 4 Julai 2025 Donald Trump alitia saini sheria iliyoishusha hadi sifuri kwa viwambo, bunduki fupi na shotgani fupi, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Rashasha zimebaki na dola 200 zake. Fomu haikufutwa, wala alama za vidole, wala kifungo. Kesi zimeshafunguliwa kuuliza swali linalofuata lenyewe: Mahakama ya Juu iliikubali sheria hii mwaka 1937, kwenye shauri la Sonzinsky, kwa sababu ni kodi. Ikiwa kodi ni sifuri, serikali inasajili kitu hicho kwa mamlaka gani?

Kutoka msimamo wa ATF wa 1985 hadi hukumu ya 1992 ni miaka saba, na kampuni ilikuwa ikidai dola 200. Anayejaza fomu hiyo leo kwa mtutu wa inchi 10, sehemu ya malipo anaiacha na sifuri, kisha anarudisha kitako kabatini na kusubiri jibu.